Kumbukumbu ya mradi wangu: vifaa vya Neville kwa igizo la watoto, Mombasa

Igizo ni la nusu saa, na mhusika mkuu ni Neville Longbottom wa hadithi za Harry Potter: mvulana aliyelelewa na nyanyake, ambaye jamaa zake walidhani hana uchawi hata chembe, lakini ndiye aliyemuua Nagini, nyoka wa mchawi mwovu Voldemort, mwaka 1998. Kwenye filamu, Matthew Lewis alivalishwa meno ya bandia na nguo za kumnenepesha. Sisi tumeyaacha hayo. Sitaki mtoto atoke ukumbini akiamini kuwa unene ndio woga. Woga wa Neville tunauweka mikononi, katika namna anavyoshika vitu.

Ndiyo maana vifimbo vyake vya uchawi vimekula muda kuliko kitu kingine chochote. Cha kwanza kilikuwa cha babake, Frank, na kilivunjika katika Idara ya Mafumbo, kwenye Wizara ya Uchawi. Cha pili ni chake mwenyewe: mcheri, inchi 13, ndani mna unywele wa farasi mwenye pembe moja. Badala ya mcheri tunatumia kiini cha mwarobaini, mti ambao wachongaji wa Changamwe wanaujua vizuri. Rangi yake ni kahawia inayoelekea wekundu. Kijiti cha sentimita 33 kipasuliwe kwa tindo, kisikatwe kwa msumeno. Mpasuko hufuata nyuzi za mti, na nyuzi zilizonyooka ndizo zinazozuia ncha ya milimita 6 isikatike. Shiko liwe na unene wa milimita 16. Msasa uanze namba 80, kisha 120, kisha 240, na barakoa ivaliwe, maana vumbi la mwarobaini ni chungu kooni.

Vanishi ya spiriti ina shida yake msimu wa masika. Spiriti ikiruka hupoza mbao, unyevu wa hewa hutua juu yake, na vanishi huota ukungu mweupe. Dawa yake ni kupaka tabaka nyembamba saa saba au saa nane mchana, siku ya jua kavu.

Kile cha kwanza, cha Frank, tumekifanya kinene makusudi: shiko milimita 24, ili vidole vya mtoto visikishike sawasawa. Hakuna haja ya kumwambia mwigizaji ababaike. Kifimbo chenyewe kitambabaisha. Ili kivunjike jukwaani kila onyesho, kimekatwa kwa mshazari uliochongoka, kila upande ukatobolewa tundu la kina cha milimita 5, ndani sumaku ndogo ya mviringo. Sumaku zijaribiwe kabla ya kugandishwa. Zikikutana ncha zinazofanana zitasukumana. Gundi iwe epoksi ya kuchanganya. Ile gundi inayokauka papo hapo haistahimili mishtuko, na sumaku hung'oka.

Trevor, chura anayefugwa na Neville, ni mfuko wa kitambaa wa sentimita 12, uzito gramu 250. Mchele haufai kujazia, huingia fukusi. Mchanga wa pwani nao una chumvi, chumvi huvuta unyevu, na chura hulowa bila kuguswa. Tumetumia mchanga wa mto, ukaoshwa na kuanikwa, ndani ya mfuko wa pili ulioshonwa mara mbili. Mshipi wa kuvulia samaki unamvuta atoroke.

Joho ni poplini nyeusi, mita tatu, kutoka Biashara Street, na bitana ya damu ya mzee. Sweta la mitumba la Kongowea halivaliki zima chini ya joho kwa joto letu: tumekata kola na mikono, tukavishonea kwenye fulana ya pamba.

Upanga wa kumuulia Nagini, ambao Neville anauchomoa ndani ya kofia ya uchawi, ni plaiwudi ya milimita 6, sentimita 70 pamoja na mpini, kingo zimeviringwa kwa tupa. Kofia ina kimo cha sentimita 40 na imekaa mdomo juu kwenye sanduku la kifusi lenye kina cha sentimita 50. Nchani pana mwanya wa sentimita 6, bapa linapita chini, mpini unabaki umefichwa ndani ya kofia. Mwanya usipopindwa kwa satini, nyuzi hukwama kwenye bapa na upanga hutoka na kofia yake. Neville anauchomoa kwa mkono mmoja, na mpini huu tumeuchonga kwa kipimo cha kiganja chake.

Bado Nagini. Mwili ni soksi ndefu zilizojazwa sponji, mita mbili na nusu, kichwa kimeungwa kwa vipande viwili vya velkro vya sentimita 2. Velkro ikizunguka shingo nzima, upanga wa mbao hausukumi kichwa kikatoka. Kilichosalia ni kujaribu kama vipande viwili vinabeba kichwa nyoka anapoinuka.