Nilivyotoa upepo kwenye klachi ya Hilux nyumbani

Baada ya kubadilisha mipira ya masta ya chini (silinda ndogo kwenye giaboksi inayosukuma uma wa klachi; masta ya juu iko nyuma ya pedeli), klachi ya Hilux yangu ya zamani ikawa inazama hadi kwenye zulia bila ubishi. Rivasi ikikwaruza, majirani wanageuka. Ukipampu pedeli harakaharaka inapanda kidogo, ukiiacha inarudi kulekule. Huo ni upepo ulioingia kwenye mafuta ya klachi: mafuta hayabonyei, upepo unabonyea, na nguvu ya mguu inaishia humo kabla haijafika kwenye uma wa klachi. Duka la spea waliniambia ninunue masta zote mbili mpya. Sikununua, maana hapakuwa na tone lililovuja, si nyuma ya pedeli wala ndani ya mpira wa vumbi wa masta ya chini.

Nilitafuta mafuta ya klachi na breki, DOT 3, ya chupa ambayo haijafunguliwa (mafuta haya hunyonya unyevu), spana ya ringi namba 10, mpira wa plastiki unaoonyesha ndani, chupa tupu ya maji, na mpwa wangu wa kukanyaga. Wapo wanaoongeza mafuta ya injini eti kwa dharura. Usithubutu. Yanavimbisha mipira, na hapo masta inakufa kweli.

Gari likawa juu ya stendi, magurudumu ya nyuma nimeyawekea vigingi, mimi chini.

"Kanyaga taratibu. Shikilia!"

Mpira nimeuchomeka kwenye skrubu ya upepo ya masta ya chini, ncha nyingine ndani ya chupa. Nafungua skrubu kidogo, yanatoka mafuta meusi yenye povu, nafunga.

"Haya, achia."

"Mjomba, imebaki chini."

"Ivute kwa mkono."

Lazima ufunge kabla hajaachia, la sivyo upepo unavutwa upya kutoka chini. Na kikopo cha mafuta cha juu kisiachwe kikauke, kila mara nilikuwa natoka uvunguni kukiongeza mafuta. Yakidondokea bodi, mwagia maji hapohapo, yanabandua rangi.

Povu likaisha, lakini pedeli ikashika nusu tu. Nadhani hapa ndipo watu wengi hukata tamaa na kwenda kununua masta. Kwenye gari langu masta ya chini imelala, na upepo hupenda kupanda, kwa hiyo kuna kipovu kinachojibanza ndani ambacho kukanyaga peke yake hakukitoi. Nikamtoa mpwa garini kabisa, kwa sababu masta ikiwa inaning'inia mtu akagusa pedeli, pistoni inaruka nje na mafuta yote. Nikafungua boliti zake mbili bila kugusa paipu, nikaigeuza skrubu ikae juu kabisa. Nikafungua skrubu, nikasukuma kijiti cha masta (kile kinachosukuma uma) ndani polepole kwa kidole gumba hadi mwisho. Kwenye mpira kikapita kipovu cha ukubwa wa punje ya mahindi, kikifuatwa na mafuta matupu. Nikafunga skrubu ndipo nikaachia kijiti, springi ikairudisha pistoni na kuvuta mafuta ya kikopo. Nikarudia hadi kisitoke kipovu kingine.

Nilipoifunga masta mahali pake, pedeli ilishika juu na rivasi ikaingia kimya, injini ikiunguruma. Skrubu nimeikaza kwa kiasi, ni ndogo na hukatika upesi. Siku hizi kila nikifungua boneti natazama alama ya kikopo. Yakishuka, nitaanza kwa kufunua ule mpira wa vumbi.