Nilivyopima Ishara Mpya za Reli za Norfolk

Tangu treni za SGR zianze kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024, vijana wanaoingia katika kazi ya ishara za reli nyumbani wamekuwa wakiniuliza jinsi ishara za zamani zinavyoondolewa na mpya kuanza kazi bila treni kugongana. Mimi ni fundi wa ishara nchini Uingereza, na kazi iliyonifunza zaidi ya zote ni ile ya njia zinazotoka Norwich kwenda Great Yarmouth na Lowestoft, mashariki kabisa mwa nchi hiyo, ambako ishara za mikono ya chuma inayovutwa kwa waya zilitumika hadi Februari 2020. Sehemu yangu haikuwa kufunga mitambo bali kuipima, na ndiyo nitakayoieleza.

Kila aliyepangiwa upimaji pale alipaswa kuijua historia ya mahali hapo. Reli ya Norwich hadi Yarmouth ilifunguliwa mwaka 1844. Usiku wa tarehe 10 Septemba 1874, pale Thorpe, nje kidogo ya Norwich, treni mbili ziligongana uso kwa uso kwenye njia moja, yaani reli moja inayotumiwa na treni za pande zote mbili, na watu 25 wakafa. Hakuna chuma kilichokuwa kimevunjika. Ujumbe wa telegrafu wa kuiruhusu treni ya barua itoke kituo cha Brundall ulitumwa bila sahihi ya mkaguzi aliyepaswa kuuidhinisha, na treni ya haraka iliyotoka London nayo ikaruhusiwa kuondoka Norwich kuelekea huko huko. Walipojaribu kuufuta ujumbe, jibu lililorudi lilisema kwamba treni ya barua imekwisha kuondoka. Ajali hiyo ndiyo iliyomfanya Edward Tyer abuni, mwaka 1878, mtambo unaotoa kibao kimoja tu kwa kila kipande cha njia moja, ili dereva asiyekishika kibao asisogee. Nilipokuwa nikijaza fomu zangu za upimaji miaka mingi baadaye, kwenye reli ile ile, sikuweza kuiona sahihi kuwa jambo la kawaida la ofisini.

Kabla mitambo mipya haijafungwa niliomba nikae katika kibanda cha ishara na waongoza treni waliokuwa wakikiendesha, nami nikakubaliwa. Ndani mlikuwa na safu ya nyenzo ndefu za chuma, kila moja ikiwa na rangi yake: nyekundu kwa ishara za kusimamisha, njano kwa ishara za tahadhari, nyeusi kwa pointi, yaani vipande vya reli vinavyosogezwa ili kuielekeza treni kwenye njia nyingine, na buluu kwa kufuli zinazozikaza pointi zisicheze treni inapopita. Mzee aliyekuwa zamu alinipa kitambaa kabla sijashika chochote, akaniambia, “Usiguse kwa mkono mtupu, kijana. Jasho linakula chuma.” Nilipovuta wenzo mwekundu nilihisi uzito wa waya mrefu uliopita juu ya magurudumu madogo kandokando ya njia, na mbali kule mkono mwekundu wenye mstari mweupe ukainuka. Siku za joto waya hurefuka na mkono hauinuki sawasawa, kwa hiyo mwongoza treni huukaza. Siku za baridi hufupika, naye huulegeza. Hayo yote aliyajua kwa mikono yake.

Chini ya sakafu ndiko kulikokuwa na moyo wa kibanda. Vyuma bapa vilivyochongwa pembe viliteleza na kuingiliana kila wenzo ulipovutwa, hivi kwamba ishara ikisharuhusu treni, wenzo wa pointi zilizo mbele yake haung'oki hata uning'inie kwa uzito wako wote. John Saxby alisajili mfumo wa kufungamanisha pointi na ishara mwaka 1856, na tangu mwaka 1889 sheria ya Uingereza ililazimisha reli za abiria kuwa nao. Kompyuta za leo hufanya kazi hiyo hiyo kwa kanuni zilizoandikwa, na mpimaji huwa na jedwali la kanuni hizo mkononi. Jedwali lakini linataja yale tu yaliyofanywa na chuma. Nilichokuwa nakitafuta katika kibanda kile ni yale yaliyofanywa na mtu.

Nikaanza kuandika. Katika daftari langu niliweka upande wa kushoto kila jambo ambalo mwongoza treni alilifanya kwa macho, masikio au mazoea yake, na upande wa kulia kitu ambacho kingelifanya jambo hilo baada yake, pamoja na jina la mtu atakayekipima. Kengele ndizo zilizokuwa rahisi: vibanda viliulizana kwa mapigo, matatu kisha moja kwa treni ya kawaida ya abiria, mawili treni inapoingia kipande cha njia, mawili kisha moja inapotoka. Mawasiliano hayo yote yangehamia kwenye mfumo unaoongozwa kutoka mji wa Colchester. Lakini kabla ya kupiga yale mawili kisha moja, mzee alisimama dirishani na kutazama taa nyekundu ya mkia wa treni. Akiiona, amejua kwamba treni imepita nzima; asipoiona, huenda behewa limekatika na kubaki nyuma, na njia haiko wazi. Hilo liliingia upande wa kushoto kwa herufi kubwa. Upande wa kulia niliandika vihesabio vya ekseli, vile vifaa vinavyofungwa kwenye reli na kuhesabu ekseli zinazoingia katika kipande cha njia na zinazotoka, na visiporidhika kwamba hesabu ni sawa huendelea kuonyesha kuwa njia ina treni.

Baadhi ya mistari ilinisumbua. Mwongoza treni aliyekaa karibu na makutano ya reli na barabara alijua majira ambayo malori ya viazisukari huandamana kwenda kiwanda cha sukari cha Cantley, naye hakufunga njia ya magari hadi aone kwamba lori la mwisho limetoka. Upande wa kulia niliandika vizuizi vipya na rada inayokagua kama kuna kitu kilichobaki katikati, nikaomba jaribio lifanywe na gari refu, si gari dogo tu. Msimamizi alikubali mara moja. Mistari mingine, kama ule wa mzee kunusa breki zinazoungua treni inapopita chini ya dirisha lake, haikupata mrithi pale pale, nami niliipeleka kwenye kikao ili waamue walio na madaraka ya kuamua.

Februari ilipofika njia zilifungwa, abiria wakapanda mabasi, na sisi tukaingia kazini usiku na mchana, kwenye nyika za maji ambako upepo wa Bahari ya Kaskazini hauna kizuizi. Kipimo ninachotaka vijana wakielewe vyema ni kile cha kulinganisha. Mimi nasimama chini ya ishara. Mwenzangu yuko Colchester mbele ya skrini. Anaagiza njia, kisha ananiuliza, “Unaona nini?” Haruhusiwi kuuliza, “Unaona kijani?” kwa sababu mtu aliyechoka, aliyelowa, akiulizwa kama anaona kijani, atajibu ndiyo. Mimi nasoma namba iliyo kwenye nguzo, nataja rangi, na hapo ndipo yeye anapotaja kile kinachoonyeshwa mbele yake. Tukipatana, kila mmoja anatia alama kwenye karatasi yake. Kisha tunaizima taa nyekundu kwa makusudi, kana kwamba imeungua, ili tuhakikishe kwamba ishara iliyo nyuma yake inabaki nyekundu na kuilinda. Baada ya hapo unakuja upande ulio mrefu zaidi, wa kuagiza kila kitu kilichokatazwa, njia mbili zinazogombana, pointi zigeuke chini ya treni, na kuuona mfumo ukikataa kila mara. Kuthibitisha makatazo kulichukua muda mwingi kuliko kuthibitisha ruhusa, na ndivyo inavyostahili kuwa.

Kuna kazi nyingine ambayo wageni huidharau, nayo ni kuondoa waya za zamani. Clapham Junction, London, tarehe 12 Desemba 1988, watu 35 walikufa wakati ishara za zamani za eneo hilo zilipokuwa zikibadilishwa. Waya wa zamani ulikuwa umeachwa ukiwa bado umefungwa upande mmoja, na upande wa pili ukiwa mtupu. Haukukatwa wala kufunikwa. Kazi nyingine katika chumba kile ilipousogeza, uligusa mahali ulipotoka na kuifanya ishara iruhusu treni wakati treni nyingine ilikuwa imesimama mbele. Uchunguzi ulioongozwa na Anthony Hidden ulionyesha kwamba hakuna mtu wa pili aliyezihesabu waya, na kwamba fundi mwenyewe alikuwa amepata siku moja tu ya mapumziko katika wiki 13. Kwa hiyo nilipofungua kabati la rilei, zile swichi zinazoendeshwa kwa umeme, nilizihesabu waya kwenye kila kituo cha kufungia, nikalinganisha na mchoro, na aliyezikata hakuwa mimi. Zamu yangu ilipoisha niliondoka hata kazi ilipokuwa karibu kukamilika, na hakuna aliyenishawishi nibaki.

Treni zilirudi tarehe 24 Februari 2020, baada ya sahihi zote kuwekwa.

Kwa ndugu zangu walioko SGR kuna tofauti moja kubwa. Reli hiyo inatumia mfumo wa Ulaya wa kudhibiti treni, ngazi ya 2, ambao humpa dereva ruhusa na mwendo kwa redio kwenye skrini iliyo mbele yake. Macho ya mpimaji yanahamia ndani ya kichwa cha treni, na swali linabaki lile lile: unaona nini? Kwenye reli ya Cambrian huko Wales, inayotumia mfumo wa jinsi hiyo, tarehe 20 Oktoba 2017 treni ilipita karibu na Llanaber kwa takriban kilomita 80 kwa saa mahali palipowekewa kikomo cha muda cha kilomita 30, kwa kuwa vikomo hivyo havikupakiwa upya baada ya kompyuta kuwashwa tena, huku skrini ya waongoza treni ikionyesha kwamba vipo. Kwa hiyo daftari lile naendelea nalo hata kwenye mifumo isiyo na nguzo wala taa, na mstari wake wa kwanza sasa unasema kwamba kila baada ya mfumo kuwashwa upya, mtu mmoja akiwa ndani ya treni asome vikomo vya mwendo kwa sauti, na mwingine aviangalie kwenye orodha iliyochapwa, si kwenye skrini.