Panga liweke chini

Simu ya mama iliingia saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nikiwa nafagia majani ya mwembe hapa Goba, Dar es Salaam. "Kamwene, mwanangu," akasema, kisha akanyamaza kidogo. "Sakitu imepiga. Miche yako imeungua."

Ilikuwa mwishoni mwa Juni. Dar nasi tunasema kuna baridi miezi hiyo, lakini usiku huwa nyuzi joto 18 au 19. Njombe, kwa mama, iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Usiku wa mbingu safi, bila wingu wala upepo, joto la ardhini lote hupotelea juu na umande unaganda mweupe kwenye majani. Hiyo ndiyo sakitu. Nimezaliwa huko, nayajua haya. Ila miaka mingi ya Dar ilinisahaulisha, maana Desemba nilipanda basi pale Mbezi na ndoo mbili za miche ya bustanini kwangu: mgomba, mlimao, mapapai matatu. Kule Njombe nikaongeza miche miwili ya parachichi aina ya Hass. Nilitamani sana mama awe na bustani kama yangu.

Nilisafiri wiki ile ile. Majani ya mgomba yalikuwa meusi, yananing'inia. Mama aliniambia asubuhi ya kwanza yalionekana kama mchicha uliomwagiwa maji ya moto. Ndivyo inavyokuwa: maji yaliyomo ndani ya jani yakiganda huharibu seli zake, na jua likichomoza jani linalegea lote. Miche ya upande wa bondeni ndiyo iliyoumia zaidi. Hewa ya baridi ni nzito, inateremka kama maji na kutuama chini.

Hapo ndipo nilipokosea. Kwangu Goba tawi likikauka nalikata siku hiyo hiyo, na baada ya wiki mbili pamechipua. Nikachukua panga, nikaukata mparachichi wa kwanza chini kabisa, chini ya pale ulipobebeshwa, yaani pale kijiti cha Hass kilipounganishwa na shina la mparachichi mwingine. Nikasogea kwa wa pili.

"Panga liweke chini," mama akasema.

Akachuchumaa, akakwangua gome kwa ukucha wa kidole gumba. Juu palikuwa kahawia, pakavu. Akashuka shibiri moja, akakwangua tena: kijani, chenye maji. "Huu haujafa. Usiuguse mpaka mvua zianze."

Majani yaliyoungua, aliniambia, yanayakinga ya chini yake sakitu ikirudi. Ukikata mapema mti unaharakisha machipukizi, na machipukizi machanga ndiyo yanayoungua kwanza. Kumbe hata ile urea niliyoshauriwa kuinunua dukani ingefanya hivyo hivyo. Mama aliutia mfuko ghalani bila neno.

Sakitu ilirudi usiku wa pili. Mchana tulikuwa tumemwagilia udongo, kwa sababu udongo wenye maji hutunza joto la jua kuliko mkavu. Jioni tukasimamisha fito, tukatandika mashuka ya zamani mpaka yakagusa ardhi, tukayabana kwa mawe. Hilo la kugusa ardhi ndilo lenye kazi, maana joto linatoka chini. Shuka likiishia katikati ya mti, joto linakimbia lote. Nailoni mama aliikataa: inapogusa jani, jani linaungua. Asubuhi jua lilipokolea tukafunua. Mlimao ulikuwa salama. Tukapaka chokaa shina la mparachichi uliobaki, lisichomwe na jua sasa ambapo halina majani.

Novemba mama alinitumia picha. Mgomba umetoa machipukizi matatu kutoka kwenye tunguu lake. Mparachichi wa pili umechipua hadi juu ya alama ya ukucha, ndipo mama akakata sehemu iliyokufa. Mapapai yote matatu yaliozea shinani. Na ule niliokata mimi umechipua kwa nguvu kuliko wote, majani mapana, lakini umechipukia chini ya maungio, kwa hiyo Hass imeshapotea. Kilichobaki ni ule mparachichi mwingine wa shina tu. Inaniuma kila nikiitazama picha hiyo. Desemba nitatafuta fundi wa kubebesha ajaribu kuurudishia.

Mashuka mama ameshayafua na kuyakunja. Yako juu ya sanduku lake, yanangoja Juni.