Nilivyoliona Ziwa Moraine kabla watu hawajajaa

Mara ya kwanza sikuliona kabisa. Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa saba. Tulitoka mjini Calgary, Kanada, baada ya kunywa chai kwa raha zetu, tukafika Lake Louise, kijiji kilicho karibu na ziwa hilo, mnamo saa nne asubuhi, gari limesheheni viti vya kukunja kana kwamba tunakwenda harusini. Hata hatujaacha barabara kuu, ubao wa taa ukatuambia maegesho yamejaa. Tukajifanya hatujausoma. Mbele kidogo vijana wenye vizibao vya kung'aa wakatugeuza, wanatabasamu. Tukazunguka, tukarudi, wakatugeuza tena. Mara ya tatu dada yangu, aliyekuwa kwenye usukani, akagoma. "Sikuja huku kupungiwa mikono," alisema. Tukaishia kula chakula chetu kando ya barabara, tumezipa lami nyuso na milima migongo.

Kosa lilikuwa langu. Mimi ndiye mgeni niliyeng'ang'ania twende, na mimi ndiye sikusoma lolote kabla. Laiti ningesoma, ningejua kwamba Ziwa Moraine, ambalo ndilo hasa nililokuwa nalitaka, halifikiki kwa gari binafsi tangu mwaka 2023. Mamlaka ya hifadhi iliifunga barabara ile kwa magari ya watu kwa sababu maegesho pale juu ni madogo, na watu walikuwa wanayajaza usiku wa manane, wanalala ndani ya magari wakisubiri kuche. Siku hizi unapanda basi, au unakanyaga baiskeli kupanda mlima kilomita kama 14 kutoka kijiji cha Lake Louise, kama magoti yako bado yanakusikiliza. Na hata hayo ni ya msimu tu. Barabara hufunguliwa karibu na mwanzo wa Juni, ikafungwa katikati ya Oktoba theluji inaporudi.

Kwa asiyelijua, Moraine ni ziwa dogo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Banff, katika jimbo la Alberta nchini Kanada, kwenye mwinuko wa karibu mita 1,885. Limekaa chini ya safu ya milima, katika bonde linaloitwa Bonde la Vilele Kumi. Mandhari yake iliwahi kuchapwa nyuma ya noti ya dola 20, toleo la mwaka 1969, kwa hiyo Wakanada wa umri fulani wamelibeba mfukoni miaka mingi bila kwenda. Sasa kila mtu ana simu yenye kamera, na wote wanataka kusimama pale pale mchoro wa noti ulipotazamiwa.

Nilirudi nyumbani kwa dada nimenuna, nikaanza kufanya kile nilichopaswa kukifanya mwanzo. Utaratibu wa tiketi za basi la hifadhi ulikuwa hivi mwaka niliokwenda mimi: asilimia 40 ya viti hufunguliwa mwezi Aprili kwa msimu mzima, na asilimia 60 iliyobaki hufunguliwa siku mbili kabla ya safari, saa mbili kamili asubuhi kwa saa za huko. Watu wengi hukata tamaa wakiona viti vya Aprili vimekwisha, wakaenda kulipa ziada kwa mawakala. Mimi nilishikilia hiyo asilimia 60. Na nilipoona kwamba kuna mabasi ya alfajiri, ambayo watu huyakwepa kwa sababu ya usingizi, nikajua mlango wangu ni huo.

Nilichagua pia siku. Julai na Agosti niliziacha. Mwisho wa Septemba nao niliuacha, ingawa ndiyo picha nzuri kuliko zote: kuna miti iitwayo larchi, jamii ya msonobari lakini hupukutisha majani, na kabla ya kupukutika inageuka dhahabu tupu. Wiki hizo mbili watu humiminika kuliko hata Julai. Nikaangukia Jumatano ya wiki ya pili ya Septemba. Shule zimefunguliwa, larchi bado za kijani, baridi imeanza kung'ata. Siku isiyo na sifa yoyote, na ndiyo maana niliipenda.

Jumatatu asubuhi tulikaa mezani watatu, kila mtu na simu yake, tukiitazama saa kama watu wanaosubiri mwezi uandame. Saa mbili kamili ukurasa ukatuweka kwenye foleni. Mimi nikatupwa nyuma huko na maelfu. Mpwa wangu, kijana aliyezaliwa hukohuko, ndiye aliyepenya.

"Mjomba, nimepata! Basi la saa tano."

Nikafurahi sana. Saa tano! Yaani tunaamka taratibu, tunaoga, tunaondoka jua limetoka. Nikashangaa kidogo kwamba kiti kizuri namna hiyo kilikuwa kimebaki, lakini bahati haiulizwi. Mpaka Jumanne jioni, ninajimiminia kikombe cha pili cha chai, dada akaniambia, "Wewe hulali? Tunatoka saa nane na nusu usiku." Hapo ndipo nilipoelewa. Yule kijana Kiswahili chake ni safi kabisa, mama yake kamfundisha, ila saa anaisoma kama inavyoandikwa ukutani. Saa tano yake ni kumi na moja alfajiri. Basi lenyewe ndilo nililokuwa nimelipanga mimi tangu mwanzo, lakini moyo ulikuwa umeshazoea raha ya saa tano, na kuuachisha kulikuwa kazi.

Safari ya usiku sina mengi ya kuisimulia. Nililala. Tuliacha gari kwenye maegesho ya kituo cha kuteleza kwenye theluji, mahali basi linapoanzia, na saa kumi na moja kamili tukapanda. Ndani hakuna aliyezungumza. Abiria kama thelathini, kofia za sufu, makopo ya dawa ya pilipili ya kufukuzia dubu yananing'inia viunoni. Nilipoteremka baridi ilinishika masikio kwanza. Nyota zilikuwa nyingi kiasi kwamba milima ilionekana kama mapengo tu, sehemu zisizo na nyota.

Sasa, nikuambie ukweli ambao washauri wa alfajiri hawausemi: hukuti ziwa tupu. Mwishoni mwa ziwa kuna kilima cha mawe makubwa, wanakiita Rockpile, chenye ngazi za kupandia. Walter Wilcox, aliyelipa ziwa hili jina mwaka 1899, alidhani kilima kile ni kifusi kilichosukumwa na barafu, na ndiyo maana ya neno *moraine*. Siku hizi inaelezwa kuwa yaelekea ni poromoko la mawe kutoka mlima wa jirani. Vyovyote ilivyokuja, juu yake nilikuta stendi za kamera zenye miguu mitatu kila penye mwamba wa bapa. Waliotutangulia ni wale wa basi la saa kumi. Tulikuwa labda watu sitini pale juu, gizani, tunaombana radhi kwa minong'ono. Nilisikia Kihispania, Kikorea, Kipanjabi, Kijerumani, na Kiswahili chetu sisi watatu. Kilele kilichosimama juu yetu kinaitwa Mnara wa Babeli. Silitungi, liko kwenye ramani.

Watu sitini si elfu moja, sawa. Lakini nilikuwa nimekesha kwa ajili ya utulivu, na utulivu wenyewe ulikuwa na foleni.

Kulipopambazuka, kama saa moja hivi, jua likagusa vilele. Vikawa vyekundu, kisha rangi ya chungwa, na kamera zote zikalia kwa pamoja. Mimi nilikuwa naangalia chini. Maji yalikuwa ya kijivu! Si buluu hata kidogo, kijivu kizito kama bati kuukuu. Dada akaniangalia kwa jicho la "haya ndiyo tuliyoyaamkia?"

Nilikuwa nimeshalisoma hilo, safari hii. Rangi ya ziwa lile inatokana na unga wa mwamba. Barafu kubwa za milimani zinapojongea husaga mawe chini yake mpaka yakawa unga laini sana, na kiangazi barafu inapoyeyuka vijito huubeba unga huo hadi ziwani. Haushuki chini upesi, unabaki unaelea ndani ya maji, na mwanga wa jua ukipiga hutawanya buluu na kijani kumrudia mtazamaji. Bila jua juu ya maji, hakuna buluu. Kwa hiyo saa ya watu wachache na saa ya rangi hazikutani. Anayewahi anakosa rangi, anayeifuata rangi anakuta umati. Huo ndio mtego wa ziwa lile, na wengi wa wale sitini walitumbukia humo: vilele vilipokwisha wekundu, wao walikunja miguu ya kamera wakaenda kutafuta basi la kurudi. Saa mbili asubuhi kilima kilikuwa karibu kitupu.

Tukabaki. Niliketi upande wa nyuma, na kwenye ufa kati ya mawe mawili nikaona kinyama kama panya mnene asiye na mkia, masikio ya duara, mdomoni kabeba mafungu ya majani yamevuka mashavu kulia na kushoto. Akasimama akanitazama, akatoa mlio mmoja mkali kama kifaa cha mpira kilichokanyagwa (majani hayakuanguka, sijui aliwezaje), akaingia shimoni. Baada ya muda akatoka mtupu, akaenda kuleta mengine. Wanamwita pika. Ni jamii ya sungura, na mwisho wa kiangazi hujikusanyia majani ya kula wakati wa baridi kwa sababu halali miezi hiyo kama dubu. Nilimhesabia safari saba. Mpwa wangu alisema sijapiga hata picha moja ya ziwa.

Nilitamani tupande hadi bonde la larchi, lakini kwenye mwanzo wa njia palikuwa na tangazo: kwa sababu ya dubu, watu wasiopungua wanne, wakiwa pamoja. Tulikuwa watatu. Wapo wanaosimama pale kutafuta wa nne, na ningesimama pia, ila dada alishasema magoti yake hayahusiki na kupanda. Basi tukashika njia ya kando ya ziwa, iliyo tambarare, kilomita moja na nusu hivi ndani ya miti mpaka mwisho wa maji. Njia nzima tulipishana na watu wanne.

Kule mwisho kuna njia ya mbao juu ya tope, na kijito kinachoingia ziwani. Nilichovya mkono. Maji yaliuma mpaka kwenye mfupa, na yalikuwa na weupe kidogo, kama maji ya pili ya kuoshea mchele. Dada alitandika koti lake kwenye mbao akalala. Tukakaa.

Jua lilishuka mlimani polepole mno, likivua kivuli kutoka kwenye mawe, kisha miti, kisha ukingo. Karibu saa nne likagusa maji upande wa mbali. Utepe mwembamba wa buluu ukatokea hapo, na kijivu kikaanza kurudi nyuma kuja kwetu. Haikuwa ghafla. Ukiangalia moja kwa moja huoni kitu, ukigeuka kufunga kamba ya kiatu, ukirudisha macho, utepe umepanuka. Ilipofika miguuni petu mpwa wangu, ambaye kwa kawaida hana la kusema kuhusu mandhari, akasema, "Mjomba, hii si rangi ya maji."

Kutoka pale kilima cha mawe kilionekana kidogo, ng'ambo kabisa. Nikagundua kilikuwa kinatembea. Nikakaza macho: ni watu. Mabasi ya mchana yalikuwa yamewasili, na juu ya Rockpile palikuwa pameota kofia na mikoba ya rangi zote, inasogea kama siafu kwenye kipande cha sukari. Sauti zao hazikutufikia. Kwetu palikuwa na sisi watatu, mzee mmoja na mkewe waliokuja na chupa ya chai, na kijito.

Tulirudi karibu saa sita. Foleni ya basi la kurudi haina kuweka nafasi, unasimama tu, na tulisimama dakika arobaini. Chini ya ngazi za Rockpile kijana mmoja mwenye kamera shingoni, jasho linamtoka, aliniuliza ni wapi anaweza kupata picha isiyo na vichwa vya watu. Nikamwonyesha mwisho wa ziwa, nikamwambia ni mwendo wa nusu saa na njia haina mlima. Akatazama kule, akatazama saa yake, akatazama ngazi.

"Mbali," akasema, akaanza kupanda.