Unyayo kwenye tuta la mahindi

Mwaka 2014 nilikuwa darasa la tano, na mahindi yetu hapa Minjingu yalikuwa yameshatoa mbelewele. Usiku ule tulikuwa wawili dunguni, mimi na mama. Walikuja kama saa nane. Miguu hatukuisikia, maana tembo kwa ukubwa wake wote hukanyaga taratibu sana. Tulisikia mabua yakivunjika. Mama alipiga debe mpaka kiganja kikavimba. Kulipokucha ekari mbili zilikuwa zimelala chini. Nikaingia ndani ya unyayo mmoja, miguu yangu yote miwili ikaenea na nafasi ikabaki.

Fomu ya kifuta jasho, malipo ya serikali kwa walioharibiwa mazao na wanyamapori, ilijazwa. Pesa zilikuja baada ya misimu miwili, hazikutosha hata mbegu.

Leo niko mwaka wa pili Mweka, chuo cha wanyamapori kilichoanzishwa mwaka 1963 kwenye miteremko ya Kilimanjaro, na kila nikirudi likizo baba mdogo huniuliza, "Mwanangu, unasomea kuwalinda wale wale?" Ndio, baba, wale wale.

Sikuanza na mapenzi ya tembo. Kidato cha sita nilisoma CBG, yaani kemia, baiolojia na jiografia, nikiwaza uuguzi. Kilichonigeuza ni mwanafunzi mmoja aliyekuja kijijini kwa mafunzo ya vitendo, akakaa na mama jikoni akamuuliza walitokea upande gani, wakaelekea upande gani. Wengine wote walikuwa wametuuliza tumepoteza kiasi gani.

Jibu la swali lake nilikuja kuliona darasani. Mwalimu alitandika ramani ya ushoroba wa Kwakuchinja, njia ya wanyama kati ya hifadhi za Tarangire na Manyara, na katikati yake nikasoma jina la kijiji chetu. Barabara ya Arusha kwenda Babati inaukata, mashamba yanaubana mwaka hadi mwaka. Tembo walikuwa safarini, sisi tumelima njiani. Nilikaa kimya kipindi kizima. Babu alipolima pale hakuna aliyemwonyesha ramani.

Wiki hiyohiyo tulisoma hesabu za sensa: mwaka 2009 Tanzania ilikuwa na tembo zaidi ya 109,000, mwaka 2014 walibaki 43,000 hivi. Ujangili uliwamaliza hasa ukanda wa Selous na Ruaha. Mwaka uleule mama aliopiga debe! Mtoto wa dunguni angejuaje kwamba wanaisha, wakati kwake walionekana wengi kupita kiasi?

Ndiyo maana kazi ninayoitaka iko nje ya mpaka wa hifadhi, vijijini. Bunduki tunafundishwa, na askari wa doria nawaheshimu sana, lakini moyo wangu uko kwenye uzio. Kuna uzio wa kamba na vitambaa vilivyochovywa oili chafu na pilipili. Mvua kubwa ikipita, unachovya upya. Kuna wa mizinga ya nyuki, mzinga kila baada ya mita kumi hivi, imeunganishwa kwa waya ili tembo akiugusa yote itikisike. Nilipomweleza mama, aliuliza swali ambalo hata darasani halikuulizwa: kiangazi maua yakiisha nyuki wakahama, nani atalinda? Nimeliandika kwenye daftari, nataka liwe utafiti wangu wa mwaka wa tatu.

Juzi asubuhi tulikuta nyayo mpya pembeni mwa shamba. Nikatoa futi kamba, mama akashika ncha moja. Ukipima mzingo wa unyayo wa mguu wa mbele ukazidisha mara mbili, unapata takribani kimo cha tembo begani. Tulipata sentimita 121.

"Mita mbili na nusu kasoro kidogo," nikamwambia. "Anaweza kuwa jike mzima."

Mama akaacha futi, akainama, akaanza kutembea polepole kando ya ile njia.

"Unatafuta nini, mama?"

"Kama ana mtoto."