Wasaidizi wa furaha yenu

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Jumatatu nilisikia kwa mtu wa tatu kwamba mdogo wangu katika Bwana amehama nyumba. Hakuniambia. Mimi niliyempokea stendi na begi lake moja, nikamtafutia chumba, nikamlipia kodi ya mwanzo! Nilinuna siku nzima. Usiku nikapiga magoti nianze kumshitaki kwa Mungu, maombi yakagoma.

Nikachukua riwaya ninayoirudia tangu ujana, Emma, ya Jane Austen, iliyotoka Uingereza mwaka 1815. Emma anakaribia miaka 21, ana mali na akili. Harriet ana miaka 17, anaishi shule ya bweni, wazazi wake hawajulikani. Emma anamfanya rafiki. Siku moja Robert Martin, mkulima wa watu, anamwandikia Harriet barua ya posa. Binti anakwenda mbio kwa Emma: nijibu nini? Emma anasema jibu ni lako, mimi simo. Kisha anakaa naye, na kila sentensi ya kumkataa yule kijana inapitia kwake. Mambo yalipoisha anapumua: ungeolewa na mkulima nisingeweza kukutembelea, sasa wewe ni wangu daima.

Hapo nikafunga kitabu. Mwaka juzi kijana mmoja alimtumia mdogo wangu ujumbe wa uchumba. Akaniletea simu. "Dada, niseme nini?" Nikamwambia, "Omba, Mungu atakuongoza." Halafu nikaichukua ile simu, nikaandika mwenyewe, nikamrudishia abonyeze kutuma. Niliandika hata "sina amani moyoni." Amani ya nani? Moyo wa nani?

Wapendwa, sisi tunaoitwa dada na mama kwenye ushirika, tunatenda dhambi hii huku tumefumba macho kwa maombi. Tunasema "Mungu amenionyesha juu yako" wakati tunachokiona ni Jumapili tutakayokaa kwenye benchi peke yetu. Emma alimwondoa Harriet kwa mkulima, akamtia kichwani mchungaji wa mtaa, Bwana Elton, ambaye hakuwa na habari naye. Binti wa watu akaficha kipande cha penseli alichokitupa yule bwana, hakina hata risasi ndani, akakitunza kama hazina. Siku alipokuja kukichoma moto mbele ya Emma, nani alipaswa kuona haya?

Paulo aliwazaa Wakorintho kwa Injili, hakuna aliyekuwa na haki nao kumzidi. Bado akawaandikia: "Si kwamba tunatawala imani yenu, bali tu wasaidizi wa furaha yenu." Msaidizi! Gari likikwama unasukuma, likiwaka linaondoka, wewe unabaki na matope yako miguuni. Yohana Mbatizaji wanafunzi wake wawili walimwacha mchana kweupe wakamfuata Yesu, naye hakuwaita warudi. Alijiita rafiki wa bwana arusi, anayesimama pembeni akafurahi. Na Yonathani, mwana wa mfalme, alimvulia Daudi joho lake.

Martin aliposa tena, Harriet akakubali bila kumwuliza mtu. Emma naye habari zilimfikia kwa mdomo wa mwingine. Alifurahi, akacheka.

Mimi imenichukua mpaka Alhamisi. Nilimpigia, akapokea kwa sauti ya mtu anayesubiri kugombezwa. Nikamwuliza kama nyumba mpya ina maji. Akasema yanatoka usiku tu. Nikamwambia ninayo ndoo moja kubwa, akiihitaji aseme.