Usiku wa Nedumudi Venu, Ruwi

Kimbunga Shaheen kilikuwa kimepita Oman wiki moja tu nyuma, na pale ghalani kwetu Ruwi, Muscat, tulikuwa bado tunaanika maboksi ya vipuri. Ilikuwa Jumatatu, tarehe 11 Oktoba 2021. Mtunza stoo wetu, mzee wa Kerala, kusini mwa India, akatazama simu, akavua miwani, akasema kwa lugha yetu ya kazini, nusu Kiarabu nusu Kihindi: "Venu Chettan kafariki."

Chettan ni kaka. Nikadhani kafiwa na nduguye, nikampa pole ya msiba. Akaipokea vilevile.

Aliyekufa, mjini Thiruvananthapuram, akiwa na miaka 73, alikuwa Nedumudi Venu, mwigizaji wa filamu. Sura yake niliijua bila jina. Ukikaa Ghuba na Wamalayali, watu wa Kerala, utawajua nyota wao Mohanlal na Mammootty, lakini yeye ndiye aliyekuwa kila mahali: baba, mwalimu, tajiri wa kijiji, filamu zaidi ya 500.

Baada ya isha nikaitwa chumbani kwao. Wanaume wamejaa hadi kwenye vitanda vya juu, chai ya rangi yenye ndimu inazunguka. Wakaweka filamu yake Oru Minnaminunginte Nurunguvettam, ya mwaka 1987: mwalimu mstaafu na mkewe, watu wawili waliozeeka bila mtoto. Sikuelewa hata robo ya maneno. Nilimwangalia Venu, yule mwalimu, mgongo tu, namna unavyoinama kabla ya kukaa. Kijana mmoja akanigusa bega: "Hapo ana miaka 39, bhai." Sikukubali mpaka wakanionesha.

Mzee akanieleza mengine. Venu alitoka Nedumudi, kule Kuttanad kwenye mashamba ya mpunga na mifereji. Alikuwa mwandishi wa habari, akacheza tamthilia za Kavalam Narayana Panicker, akaingia filamu mwaka 1978 na Thampu ya mwongozaji Aravindan. Mwaka uliofuata, katika Thakara, akawa seremala mkware ambaye Kerala nzima inamkumbuka. Ngoma ya mridangam aliipiga kwa mikono yake, hakuigiza. Televisheni nayo hakuidharau kama wenzake wakubwa.

Karibu saa sita walikuwa wanabishana ipi ifuate. Vijana walitaka vichekesho vya Thenmavin Kombath. Mzee alitaka His Highness Abdullah, iliyompa Venu tuzo ya taifa ya mwigizaji msaidizi, akiwa mfalme ambaye jamaa zake wamemkodishia muuaji. Mzee akashinda, kwa umri tu. Nami nilikuwa na zamu ya asubuhi, lakini birika lilikuwa limejazwa tena.